Kijiti cha Kupimia

Mtungi ni wa ofisi. Niseme hilo kwanza.
Ndani yake hulala mbegu za madume saba,
kwenye mirija myembamba kama njiti za ufagio,
nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri,
na mimi ndiye mhimilishaji wa kata tatu,
mwenye pikipiki na glavu za kufika begani.

Hizza, mtoto wa kaka yangu, alikuja na maneno laini.
"Shangazi, lita mbili tu."
Chumba chake, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba,
kina kitanda kimoja na kompyuta tatu zilizovuliwa nguo.
Prosesa aliinunua kuukuu kwa fundi wa Makorora.
Kiwanda kiliipangia mwendo wa gigahezi nne.
Yeye alitaka saba.
Kwa nini saba?
"Basi tu, nione."

Bodi aliisinga vaselini kama mwari,
pembe kwa pembe, hadi kwenye vijitundu,
maana hewa ya Tanga ni maji yaliyokosa ndoo:
ikigusa baridi inadondoka, ikidondoka inaunguza.
Juu ya prosesa akaketisha chungu cha shaba,
Mngoya alikichonga karakana ya reli, kwa siri, saa ya chai.
Jiko lisilo moto. Tukawasha.

Nilimimina mimi, mikono yake ilikuwa inatetemeka.
Madirisha niliyafungua yote:
gesi hii haina harufu, haikabi koo,
inakaa tu mahali pa pumzi yako.
Mwenzangu mmoja Muheza alifunga mlango wa stoo. Najua.

Moshi mweupe ukashuka mezani,
ukatambaa hadi ukumbini. Paka akahama nyumba.
Nne na nusu. Tano. Akaongeza volti.
Sita. Bodi ikaota theluji,
theluji Ngamiani, mwezi wa pili!
Sita nukta tatu, skrini ikaganda,
akawasha upya, akaongeza tena,
volti alizozitaja kwa sauti ya chini
kama mtu anayetaja deni mbele ya mkewe.
"Mimina, Shangazi, mimina."
Nikamimina.
Sikupima.
Sikuwa namsaidia tena. Nilikuwa naitaka ile namba.

Sita nukta tisa.
Sekunde kumi na moja.
Halafu mlio mdogo, kama kucha ikikatwa,
skrini nyeusi, harufu ya nywele zilizoungua,
na Hizza anacheka
huku ngozi ya kidole chake imebaki kwenye shaba.
Tanga, tunasema, waja leo, kuondoka majaaliwa.
Ile namba haikungoja majaaliwa.

Alfajiri, simu kutoka Pongwe. Mama Sechonge:
ng'ombe wake, Kitenge, amesusa majani,
anawapanda wenzake tangu usiku.
Nikachovya kijiti mtungini, nikakipunga hewani,
nikatazama theluji inakoishia.
Vidole viwili.
Mirija ilisimama vichwa nje, kama waogeleaji,
ila hawa, kutoa kichwa nje ndiko kufa.

Nilikwenda hivyo hivyo. Nilivaa glavu.
Ndani ya Kitenge palikuwa na joto lake la siku zote,
kizazi kimetulia, hakina habari na mtu,
siku mia mbili themanini za mimba
ambazo hakuna volti ya kuzipunguza.
Nikautoa mkono mtupu.
Nilimwambia Mama Sechonge mbegu zimeharibika.
Sikumwambia na nini.
"Siku ishirini na moja," nikasema, "atatafuta dume tena."
Alihesabu kwa vidole, akihesabu maziwa.

Hizza ameitoboa ile prosesa, imekuwa ya kushikia funguo.
Kidole kimefungwa bandeji, kinanuka dawa.
Jioni akaniuliza, bila kunitazama,
gari la naitrojeni linafika lini.
"Alhamisi," nikasema,
kabla sijajizuia.